Kitako cha Gunia

"Mfumo haudanganyi," alisema Meneja, na Inspekta akakitazama kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake kama mtu anayetafuta mahali pa kujizamisha.

Hii ilikuwa mara ya tatu kuisikia sentensi hiyo. Aliambiwa na karani wa mapokezi. Kabla ya hapo aliambiwa na mlinzi wa getini, aliyemsimamisha juani gari likiwa linanguruma, akaeleza kwa fahari kwamba hata toroli halipiti pale, kuingia wala kutoka, mpaka Meneja mwenyewe ampigie simu. "Hata polisi?" Koplo aliuliza. "Polisi ndio kabisa," alijibu mlinzi.

Kituoni wenzake walimwita Inspekta huyu Chujio. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye tabia ya kurudia swali lilelile kwa sauti ileile mpaka makapi yabaki upande mmoja na ukweli upande mwingine. Leo tangu asubuhi alikuwa amevuna makapi matupu.

"Sijasema unadanganya," alisema. "Nimeuliza magunia yako wapi."

"Inspekta, magunia ya nini tena? Kila kitu kipo hapa." Meneja akainua mkono kuelekea ukutani, palipotundikwa skrini pana kama mlango. Ilikuwa imejaa majina ya wanachama wa ushirika, wakulima wa karanga, yakiwa yamepangwa kwa ubora wa mazao yao, na mbele ya kila jina namba ya rundo lake ghalani. Jina la juu kabisa lilikuwa jekundu.

Mwenye jina hilo alikuwa mahabusu. Watu wote walimwita Mama Mapacha, mjane mwenye shamba la ukubwa wa kawaida na mkono usio wa kawaida. Msimu mzima hakuna aliyempiku. Kisha lori la ushirika likafika katika kiwanda cha siagi ya karanga, wapimaji wakakuta magunia yake yote kumi na mawili yana sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayokula ini la mtu polepole. Kiwanda kikarudisha lori zima na kupiga simu polisi. Kesho mama huyo alikuwa afikishwe mahakamani kwa kosa la kuuza chakula chenye sumu, na mkuu wa kituo alilitaka jalada mezani kwake kabla ofisi haijafungwa. "Kesi imejipika yenyewe hii," alimwambia Inspekta. "Wewe pakua tu."

Inspekta hakupenda kula chakula kilichojipika.

Alimgeukia kijana aliyeketi kando na kompyuta mapajani, fundi wa mfumo, ambaye wakulima walikuwa wamembatiza Bwana Bloku. "Nieleze hiyo blokcheni yenu. Nieleze kama unamweleza mtu mwenye haraka na hasira, kwa sababu ndiye uliye naye."

Bwana Bloku alikohoa. "Kila gunia lina lebo. Likifika hatua mpya tunaskani lebo, taarifa inaandikwa. Taarifa hiyo inafungwa kwenye ile iliyotangulia, kama pingili za mnyororo, na nakala inakaa kwetu, kwa msafirishaji, kiwandani na benki. Ukitaka kuchezea pingili moja, lazima uchezee zote, kwa watu wote, kwa mpigo. Haiwezekani. Zamani dalali alimwambia mkulima karanga zako daraja la tatu, akigeuka anaziuza daraja la kwanza. Sasa mkulima anaona kwenye simu yake mzigo uko wapi na umeuzwa kwa daraja gani. Madalali wametukimbia, Inspekta. Nasema kweli."

"Nakuamini, na ni kazi nzuri. Sasa huo mnyororo unasema nini kuhusu haya kumi na mawili?"

Kijana alisoma bila kuhitaji kutazama. "Mapokezi: unyevu sawa, ukungu hakuna, daraja la kwanza. Midomo ikashonwa mwenyewe akiwepo, lakiri zikapigwa juu ya mshono. Yakaingia ghalani. Yakapakiwa kwenye lori. Yakafika kiwandani, lakiri zote nzima. Hakuna pengo."

"Kwa hiyo yaliingia mazima, hayakufunguliwa, yakatoka yameoza."

Feni ya dari ilizunguka na kulalamika.

"Ndivyo mfumo unavyosema," alikiri Bwana Bloku.

"Na hamkuona ajabu?"

"Ajabu gani?" Meneja aliingilia. "Amechanganya. Juu nzuri, chini mbovu. Wakulima hawa mimi nawajua, nimelala nao njaa na kuamka nao."

"Wakati wa kupokea, si mnadunga gunia kwa bambo? Mnatoa sampuli katikati na chini?"

Meneja alitabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za kibatari. "Bambo! Tangu tupate blokcheni hatudungi tena. Unatoboa gunia la nini, na lakiri ipo? Tunapima kiganja kimoja cha juu, basi."

Inspekta alifumba macho, akayafumbua. "Yaani mmenunua kufuli, mkauza macho."

"Kama si yeye, basi ni shemeji yake," Meneja alisema haraka. "Ndiye aliyebeba mzigo kwa trekta lake. Mbele ya mkutano mzima aliapa atamtoa shemeji yake kwenye ushirika. Yupo hapo nje, nimekuitia."

"Umeniitia," Inspekta alirudia. Hakuwa amemwomba.

Shemeji, mdogo wa marehemu mumewe Mama Mapacha, alikuwa amesimama barazani na kofia mkononi, mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi.

"Ni kweli uliapa?"

"Niliapa! Tena nikipata mkutano mwingine naapa tena. Yule mwanamke ana mdomo, afande. Alinisema mbele za watu kwamba karanga zangu hata nguruwe atauliza mara mbili."

"Zilikuwa hivyo?"

Shemeji alisita. "Mwaka ule mvua ilikuwa mbaya."

"Ulichanganya chochote kwenye magunia yake?"

"Saa ngapi? Nilimbeba yeye na magunia yake, amekaa juu yake kama kuku anayelalia mayai. Nilipita kwenye shimo akanitukana. Nilikwepa shimo akanitukana. Mimi nikitaka kumkomoa shemeji yangu, nitamkomoa mchana kweupe, watu wote wakiwepo. Sumu ni ya nini? Watoto wa kaka yangu watakula wapi?" Aliigeuzageuza kofia. "Atatoka lini? Wale mapacha wako kwangu. Wanakula, afande. Wanakula!"

Inspekta alimwambia asubiri, akamwita Koplo, nao wakaenda ghalani. Meneja na Bwana Bloku wakafuata nyuma bila kualikwa.

Ghala lilikuwa refu na safi kuliko alivyotazamia. Magunia ya plastiki yalipangwa juu ya mbao kwa mistari iliyonyooka, lebo zote zikitazama njia. Katikati, mzee mmoja aliyevaa koti la bluu alikuwa amepiga goti, akishona mdomo wa gunia kwa cherehani ndogo ya mkono. Huyo alikuwa mtunza ghala. Aliukunja mdomo wa gunia, akaulainisha kwa kidole gumba, akaukunja tena, ndipo akapitisha cherehani, ambayo ililia mara moja kama nyuki mkubwa na kunyamaza. Mshono ulitoka mnyoofu kama uliopigwa rula.

"Mbona unakunja mara mbili, baba?" Inspekta aliuliza.

Mzee aliinua uso wenye furaha ya fundi aliyeulizwa kuhusu ufundi wake. "Ukikunja mara moja unyevu unapita, mwanangu, na panya anapata pa kuanzia. Mara mbili, panya anakata tamaa. Vijana hawataki. Wanaona taabu."

"Vijana nao wanashona?"

"Washone na nini? Cherehani hii haishikwi na mtu. Ufunguo wa kabati lake huu hapa." Aliuvuta kutoka shingoni, ukiwa kwenye kamba. "Naoga nao, nalala nao. Mke wangu anauita mke mwenzake."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka. Alikuwa akitazama kona ya mwisho, ambako sakafu ilikuwa na doa pana la mraba, la kijivu, lenye harufu ya nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye beseni. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Karanga za msimu uliopita," alijibu Meneja. "Zilishika ukungu, zikakataliwa. Zimechomwa."

"Nani alishuhudia zikichomwa?"

Meneja alimtazama Bwana Bloku, naye Bwana Bloku akaitazama kompyuta yake. "Zile zilikuwa kabla ya mfumo, Inspekta. Kwenye mfumo hazipo."

"Sijauliza kwenye mfumo. Nauliza duniani."

Mtunza ghala alikuwa amerudia kushona.

Magunia yaliyorudishwa kutoka kiwandani yalikuwa kwenye banda la nyuma, yamezungushiwa utepe wa polisi. Tangu yarudi hakuna aliyeyatazama. Kiwanda kilikuwa kimefungua moja, mengine kikayadunga kwa bambo, na vitundu vyake vilionekana ubavuni. Meneja alisimama mlangoni na leso puani.

"Chagua moja ambalo halijafunguliwa," Inspekta alimwambia Koplo. "Hakikisha lakiri ni nzima. Kata mdomo taratibu."

Koplo alikata. Harufu ilitoka kabla ya karanga. Inspekta alivaa glavu na kuchota juu kabisa, chini ya mshono. Karanga zilikuwa zimejaa unga wa kijani na kijivu, nyingine zikapukutika kwenye vidole. Alisogea kando ili Meneja naye aone.

"Ulisema juu nzuri, chini mbovu."

"Ndiyo."

"Juu iko wapi?"

Meneja aliteremsha leso kidogo, akairudisha.

"Mapokezi mlichota kiganja cha juu, mkapima, mkaandika daraja la kwanza," Inspekta aliendelea, kwa sauti ya mwalimu anayelirudia somo kwa darasa la jana. "Hicho kiganja kilikuwa kizuri. Leo, palepale mlipochota, pameoza. Kwa hiyo Mama Mapacha hakuchanganya kitu. Alileta karanga safi, mkazishona safi, na baada ya hapo zikatoka na hizi zikaingia."

"Lakini lakiri hazijavunjwa!" Bwana Bloku alisema, na sasa alikuwa karibu kulia. "Mdomo haujaguswa. Niliangalia mwenyewe picha za kiwandani, moja moja."

"Hapo umesema kweli tupu. Mdomo haujaguswa."

Alikuwa ametazama chini, akitafuta mahali pa kufutia glavu, na macho yake yakanasa kwenye nembo. Kila gunia la ushirika lilikuwa na picha ya jembe ndani ya duara, na chini ya duara jina la ushirika kwa herufi kubwa. Kwenye gunia hili jina halikusomeka vizuri. Nusu ya chini ya herufi zake ilikuwa imezama kwenye mshono wa kitako, kama mtu aliyeingia mtoni mpaka puani.

Akalitazama la pili. Vilevile. La tatu, la nne, mpaka la mwisho.

"Koplo, kaniletee ghalani gunia lolote lisilo la mama huyu. Na jingine tupu, jipya, ambalo bado halijatumika."

Yalipoletwa aliyalaza sakafuni pamoja na moja la Mama Mapacha. Kwenye yale mawili, jina lilisomeka lote, na chini yake pakabaki nafasi ya upana wa kidole. Alikigeuza kitako cha gunia jipya: mkunjo mmoja, mshono wa kiwanda. Akakigeuza kitako cha gunia la sumu, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kilikuwa kinene. Alichukua kisu cha Koplo, akakata uzi wa kitako cha gunia jipya, akauvuta upande mmoja. Mshono wote ukafumuka kwa mvuto mmoja, srrr, kama unavyofumuka mfuko wa unga dukani.

"Mnaona ilivyo rahisi?" alisema. "Nyote mmekaa mnalinda mdomo."

Walirudi ghalani. Inspekta alimwendea mtunza ghala, mkononi ana lile gunia tupu lililofumuka kitako.

"Baba, samahani kwa usumbufu. Nina vielelezo vya kubeba, na gunia lenyewe limenifumukia. Nisaidie kulishona."

"Lete, mwanangu. Hilo si la kuombwa."

Mzee alilitandaza gotini. Aliukunja ukingo, akaulainisha kwa kidole gumba, akaukunja tena. Cherehani ikalia. Aliukata uzi, akaupuliza mshono vumbi lisilokuwepo, akalirudisha gunia kwa mikono miwili.

Inspekta alililaza sakafuni mbele ya wote. Jina la ushirika lilikuwa limezama nusu. Koplo akaliburuta gunia la Mama Mapacha na kulilaza ubavuni mwake. Yalikuwa mapacha, kama wale wa mama yao.

"Kiwanda kinakunja kitako mara moja," Inspekta alisema. "Wewe unakunja mara mbili."

"Mimi nashona vizuri kuliko kiwanda," mzee alijibu kwa kiburi. Kisha akayatazama magunia mawili. Kidole gumba chake kilikuwa bado kinalainisha hewa. Kikasimama.

"Ungekuwa mvivu, baba, nisingekupata. Wale vijana wako wangekunja mara moja, na mimi ningerudi kituoni na jalada la mama wa watu."

Mzee alikaa juu ya rundo. Alionekana ghafla mdogo ndani ya koti lake. "Mimi nashona tu," alisema. "Nikiambiwa shona, nashona."

"Uliambiwa na nani?"

Macho ya mzee yalipita juu ya bega la Inspekta, yakamgusa mtu aliyesimama nyuma yake, yakarudi sakafuni. Inspekta hakugeuka. Alimwamuru Koplo achukue cherehani, uzi na ufunguo viende maabara, amweke mzee chini ya ulinzi, kisha apige simu kituoni Mama Mapacha aletwe.

"Kwa nini magunia yake na si mengine?" Bwana Bloku aliuliza njiani kurudi ofisini. Lilikuwa swali la kwanza la maana aliloulizwa Inspekta siku nzima.

"Nani anaongoza kwenye skrini yako?"

"Mama Mapacha," kijana alisema.

"Mtu mwenye mnunuzi wa pembeni anayetaka karanga bora hahitaji kupekua ghala zima. Mmemwandikia ukutani, kwa herufi kubwa, na namba ya rundo mmemwekea."

Mama Mapacha alifika na vumbi la mahabusu kwenye kanga, mwanamke mfupi, mkavu, aliyepita mlangoni bila kumwangalia Meneja. Barazani shemeji yake aliinuka.

"Pole, shemeji."

"Pole ya nini? Watoto wamekula?"

"Wamekula kila kitu."

"Basi nenda kawapikie vingine." Akaingia, akasikiliza maelezo ya Inspekta yote amesimama, kisha akauliza jambo moja. "Na jina langu?"

Aliligeukia lile jekundu ukutani. "Mfumo huu mimi niliupigia kura. Wenzangu walikuwa wanaogopa, nikawaambia bora kitu kisichofutika kuliko dalali. Sasa nifutieni."

Bwana Bloku aliivuta kompyuta karibu. "Mama, haifutiki. Ndiyo maana yake hasa. Itabaki siku zote kwamba magunia yako yalikutwa na sumu."

"Yaani nitoke mahabusu ya serikali niingie ya kwako? Hakuna mnunuzi atakayezigusa karanga zangu. Msimu ujao nilime nini, skrini?"

"Haifutiki," Inspekta alikatiza, "lakini inaongezwa. Si ndiyo? Andika pingili mpya. Karanga zilibadilishwa baada ya kupokelewa, mkulima hahusiki, uchunguzi wa polisi. Kiwanda kithibitishe, nitakipigia simu mimi. Atakayesoma ile ya kwanza lazima aisome na ya pili. Andika sasa hivi, mbele yangu."

Vidole vya Bwana Bloku vilianza kazi kwa ari, kisha vikakwama.

"Nini tena?"

"Inataka nichague chanzo cha kasoro. Bila hapo haiendelei." Aliigeuza kompyuta. Kulikuwa na nafasi tatu: Mkulima. Usafiri. Mnunuzi.

Inspekta alizisoma, akazisoma tena, akihisi mshipa wa paji la uso ukimpiga. "Ghala liko wapi?"

"Halipo."

"Mzigo unalala ghalani wiki nzima, na hakuna aliyefikiri kwamba ghala linaweza kukosea? Nani alipanga orodha hii?"

"Kamati ya utekelezaji," kijana alisema kwa sauti ya chini. "Mimi niliweka Ghala. Mwenyekiti akaniambia niliondoe."

Mwenyekiti wa kamati, Meneja huyohuyo, alikuwa ameketi nyuma ya meza yake, leso bado mkononi, ingawa ofisini hapakuwa na harufu.

"Lirudishe," Inspekta alisema.

Bwana Bloku aliongeza neno hilo, akalichagua, akatuma. Inspekta akapiga simu kiwandani, akabishana na watu wawili mpaka akampata wa tatu aliyekuwa na akili. Wakangoja wakitazama ukuta. Jina la juu likapepesa, rangi nyekundu ikatoka, na pembeni yake ikatokea alama ndogo ya pingili mpya. Mama Mapacha alisogea mpaka karibu na skrini, akaisoma pingili hiyo neno kwa neno, kidole chake kikifuata mstari. Alipofika mwisho akairudia. Ndipo akavuta kiti, akakaa, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Umemaliza?" Bwana Bloku alimwuliza Inspekta.

"Bado. Ongeza nafasi nyingine kwenye hiyo orodha. Andika Ofisi."

"Ofisi ya nini?" Meneja aliuliza.

Inspekta alikisogeza pembeni kile kikombe cha chai, ambacho kilikuwa kimepoa zamani bila kuguswa, akaweka daftari jipya mahali pake.

"Karanga za mama huyu hazikuruka ukuta," alisema. "Zilitoka getini ndani ya gari, na pale getini hata toroli halipiti mpaka upige simu. Mlinzi wako kaniambia mwenyewe, tena kwa fahari. Kaa vizuri, Meneja. Mfumo nimeshausikia. Sasa sema wewe."